Kabla hujashika bisibisi, jua kwanza utazima wapi

Kama umepanga bedsita hapa Nairobi, bila shaka kuna kitu ndani ya keja yako kimeharibika na ushakizoea. Bomba linalodondosha maji usiku kucha. Soketi inayotaka plagi ishikiliwe kwa mkono ndipo simu ichaji. Mlango wa bafu unaofungwa kwa kamba ya kiatu. Ulimwambia keateka, akakujibu "nitatuma fundi." Hiyo ilikuwa Machi.

Najua kwa sababu mimi ni mmoja wenu. Niliacha chuo mwaka wa pili baada ya karo kunishinda, na tangu hapo nimeishi ploti nne kati ya Zimmerman na Kahawa West. Hakuna hata moja niliyoingia nikakuta kila kitu kiko sawa. Sina cheti cha ufundi na sitajifanya ninacho. Lakini mikono hii imebadilisha mabomba, imezibua masinki, imepaka kuta rangi, na mara moja ilikaribia kumuua ndugu yangu mdogo.

Hiyo ya mwisho nitakueleza. Kwanza nikupe msimamo wangu, usije ukadhani nimekuja kukutisha tu. Naamini kila kijana anayelipa kodi anafaa kujua kurekebisha vitu vidogo vya nyumba yake, msichana au mvulana. Lakini somo la kwanza si kurekebisha. Somo la kwanza ni kuzima. Kama hujui maji ya nyumba yako yanafungwa wapi na stima inazimwa wapi, weka chini hiyo bisibisi.

Tuanze na maji, kwa sababu maji husamehe. Ukikosea, utalowa na utapiga deki.

Bomba likidondosha, mara nyingi si bomba lote limeisha. Kilichoisha ni wosha, kile kipande kidogo cha mpira kinachokandamizwa ndani unapofunga. Kwangu nilinunua moja kwa Sh20 kwenye hadiwea ya mtaa, nikaongeza tepu nyeupe ya kuzungushia nyuzi za bomba kwa Sh50. Muuzaji aliniuliza, "Umetumwa na nani?" Nikamwambia nimejituma. Fundi aliyekuwa amekuja kuangalia alitaka Sh800. Simlaumu, ana nauli na muda wake. Lakini kwangu Sh800 ni unga, mboga na tokeni za siku kadhaa.

Kazi yenyewe haimalizi saa moja. Funga maji kwanza. Angalia kama kuna valvu ndogo chini ya sinki au kando ya choo. Ikikosekana, tafuta ile ya nyumba nzima, karibu na mita ya maji au kwenye bomba linaloshuka kutoka tangi la juu, na hapo uwaambie keateka na majirani mnaotumia laini moja kabla hujawakatia maji mtu akiwa na sabuni machoni. Kisha fungua bomba lako mpaka liishe maji. Ziba tundu la sinki kwa kitambaa, maana skrubu ikiingia humo umejianzishia kazi nyingine.

Toa kishikio, fungua kichwa cha bomba kwa spana huku mkono wa pili ukishikilia mwili wake, usije ukapinda paipu iliyo ndani ya ukuta. Chukua wosha kuukuu uende nayo dukani mlinganishe saizi. Piga picha kwa simu kila unapotoa kitu, ndio ujue kurudisha. Na kama bomba lako hufunguka kwa robo mzunguko tu, usisumbuke kutafuta wosha ya mpira. Mengi ya aina hiyo yana visahani vya kauri ndani, na hubadilishwa katriji nzima.

Ukifikiri hayo ni matone tu, weka ndoo chini yake. Mimi niliweka ya lita 10 saa nne usiku, na kufikia saa moja asubuhi ilikuwa imejaa. Kwa siku nzima hiyo ni zaidi ya mtungi wa lita 20, na wakati huo mtaani kwetu maji yakipotea nilikuwa nanunua mtungi Sh30.

Sinki ikiziba, usikimbilie kumwaga dawa kali. Angalia chini yake. Kuna kona ya bomba iliyojikunja kama herufi U. Imewekwa hivyo makusudi, ili maji kidogo yabaki hapo yazuie harufu ya mtaro isipande nyumbani. Lakini ndipo mafuta, mabaki ya wali na nywele hukwama. Weka beseni chini, fungua zile nati mbili za plastiki kwa mkono, osha, rudisha. Na tafadhali, usiwahi kuchanganya Jik na dawa ya choo yenye asidi ukidhani unaongeza nguvu. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na bafu la bedsita halina hewa ya kuchezea.

Choo nacho kikinong'ona usiku kucha, weka rangi ya chakula kidogo ndani ya tangi lake na usi-flashi. Baada ya nusu saa, ukiona rangi imeshuka kwenye bakuli, ule mpira wa chini ya tangi haufungi vizuri. Kama rangi haijashuka, angalia boya. Huenda limekaa juu mno na maji yanamwagikia paipu ya katikati. Boya kulishusha ni kazi ya dakika tano.

Ukungu ukutani je? Usiupake rangi. Nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza wa kupanga, na baada ya mvua ndefu ukanirudia mweusi zaidi. Ukungu hufuata unyevu, kwa hivyo tafuta unyevu unatoka wapi. Huenda ni bomba linalovuja upande wa pili, paa, au wewe mwenyewe unapika na kuanika nguo ndani ukiwa umefunga dirisha. Maliza hilo kwanza, ukaushe ukuta, uoshe, halafu ndio upake.

Mpaka hapo nilikuwa shujaa wa ploti. Majirani walikuwa wananiita "fundi," na nilikuwa nimeanza kuamini. Hapo ndipo nilipoingia kwenye stima.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Ndugu yangu alikuwa Kidato cha Tatu, amekuja kukaa kwangu wiki mbili. Siku chache kabla hajafika, shawa ya stima niliyoikuta kwenye nyumba ile ilikuwa imeungua. Nikanunua nyingine. Fundi akataka Sh1,500 za kuifunga. Nikaona hizo ni nyingi kwa nyaya tatu, nikafungua video. Jamaa wa kwenye video aliimaliza kwa dakika tisa.

Nilingoja siku stima ilipopotea mtaa mzima, nikaona huo ndio usalama. Hebu fikiria. Ingerudi wakati wowote, vidole vyangu vikiwa kwenye waya. Shawa mpya ilikuja na nyaya tatu, lakini ukutani zilitoka mbili. Ule wa tatu, wa kijani na manjano, haukuwa na mwenzake. Nikaukata, nikauzungushia tepu, nikajiambia kama ile ya zamani ilifanya kazi bila huo, hata hii itafanya.

Ikafanya. Maji moto kabisa. Nikapiga picha, nikaposti.

Siku chache baadaye nikaanza kuhisi kitu nikigusa bomba la bafu nikiwa naoga, kama kutekenywa kwenye vidole. Nikamuuliza jirani. Akasema yake pia hufanya hivyo, dawa ni kuvaa patipati. Nikavaa patipati.

Ndugu yangu hakuvaa. Nilisikia sauti ambayo sijui kuieleza. Nilipofungua mlango, mkono wake ulikuwa umeng'ang'ania bomba, mwili unatetemeka, macho wazi. Shawa ile haikuwa na swichi yake. Nikakimbilia boksi la stima kwenye korido. Kulikuwa na swichi sita za nyumba tofauti, na hakuna hata moja iliyoandikwa. Nilizishusha moja baada ya nyingine huku nikipiga kelele. Yetu ilikuwa ya tano.

Ndani ya nyumba ile nilijua kuwasha kila kitu. Sikuwa nimewahi kujiuliza nitakizima vipi.

Nilimkuta sakafuni, mdomo unatoka damu alipojigonga, lakini anapumua. Kiganja kilikuwa kimeungua. Hospitalini walimpima moyo na kumlaza usiku mmoja. Leo yuko sawa, asante Mungu, isipokuwa kovu na ukweli kwamba mpaka sasa huoga maji ya beseni. Mama hakuongea nami kwa mwezi mmoja.

Fundi mwenye leseni alikuja baadaye, nikamlipa bila kuuliza bei. Alinieleza polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto. Alisema shawa za aina hiyo zina koili inayokaa ndani ya maji yenyewe. Koili ikipasuka au kulika, stima huingia kwenye maji. Ule waya wa kijani na manjano ndio ethi, na kazi yake ni kuipa stima hiyo njia ya kwenda ardhini. Mimi niliukata, kwa hivyo njia iliyobaki ilikuwa mtu aliyesimama peku kwenye simiti yenye maji.

Akanipigia hesabu pia. Shawa ya wati 5,500 kwenye stima yetu ya volti 240 huvuta karibu ampia 23. Nyaya zilizokuwa ukutani zilikuwa nyembamba kwa mzigo huo. Yeye hutumia nyaya za milimita 4 au 6 za mraba, na shawa hupewa breka yake yenyewe na swichi yake. Juu ya hayo akasema nyumba ingefaa kuwa na kifaa kinachohisi stima ikivuja na kuikata kabla moyo haujaguswa. Kile cha kulinda watu hukata kwa miliampia 30. Kina kitufe kidogo cha kujaribia. Ukikibonyeza na stima isikatike, kimekufa.

Unaweza kuuliza kosa lilikuwa la nani. Nyumba kujengwa bila ethi bafuni ni kosa la aliyeijenga na anayekusanya kodi. Lakini waya niliukata mimi. Na nilipotekenywa, nilipewa onyo nikalivalia patipati. Kwa hivyo nisikilize: bomba au shawa ikikutekenya hata kidogo, hiyo si kawaida, hata kama ploti nzima inasema ni kawaida. Zima stima, acha kuoga hapo, ita fundi.

Tangu siku hiyo mstari wangu ni huu. Maji, rangi, vitasa, bawaba za mlango, rafu na balbu ni vyangu. Chochote kilicho nyuma ya uso wa soketi, ndani ya shawa au ndani ya boksi la stima, ni cha fundi mwenye leseni ya EPRA. Na usione haya kumwambia akuonyeshe. Fundi wa kweli hakasiriki.

Hiyo haimaanishi ukae tu kuhusu stima. Kuna mengi unayoweza kufanya bila kufungua kitu. Piga hesabu ya ekstensheni yako. Plagi yetu ina fyuzi isiyozidi ampia 13, na 13 mara 240 ni wati 3,120. Birika la wati 2,200 na pasi ya wati 1,200 kwa pamoja ni 3,400. Umeshapita. Fyuzi ikiungua usiweke karatasi ya sigara au kipande cha waya mahali pake, maana hiyo fyuzi imeungua ili nyumba isiungue. Gusa plagi baada ya kupiga pasi. Ikiwa moto wa kukuchoma, au soketi imeanza kuwa kahawia, acha kuitumia.

Ukitaka kutoboa ukuta kutundika rafu, kumbuka nyaya nyingi hupanda na kushuka wima kutoka kwa swichi na soketi. Usitoboe juu wala chini yake, wala usawa wake kuelekea soketi nyingine. Vivyo hivyo kwa mabomba. Gesi nayo, jaribu kwa povu la sabuni kwenye regyuleta na paipu. Likitoa mapovu, funga mtungi. Usiwashe kiberiti wala taa, fungua mlango na madirisha. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo hukaa chini sakafuni, na pua yako huenda isiiwahi.

Na ukimkuta mtu amenaswa na stima, usimshike. Zima kwanza. Ukishindwa kuzima, simama pakavu umsukume kwa kitu kikavu cha mbao au plastiki, kama mpini wa ufagio. Ukimshika kwa mkono, mtakuwa wawili.

Sasa kuna wale watakaoniambia, "Kwani nyumba ni yangu? Mwenye ploti anakula kodi, arekebishe mwenyewe." Nakubaliana nao nusu. Waya mbovu, paa linalovuja na mtaro uliopasuka ni vya mwenye nyumba, na usimwachie akuzoeshe kulipia. Mwandikie keateka ujumbe, usimpigie simu tu, ili kuwe na rekodi. Siku ya kuingia, piga picha kila kona. Ukinunua wosha, hifadhi risiti. Usitoboe ukuta bila ruhusa. Nilishawahi kuhama nikakatwa deposti yote kwa misumari mitatu, na sikuwa na picha hata moja ya kuonyesha mingine kumi niliikuta.

Na usidhani sheria itakuokoa haraka. Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura ya 296, inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Wewe unalipa ngapi?

Lakini nusu ya pili sikubaliani nayo. Maji yanayodondoka usiku ni bili yako au mtungi wako, si wa mwenye nyumba. Ukungu unaingia kifuani mwako. Kumsubiri mtu mwaka mzima alete wosha ya Sh20 si kudai haki, ni kuzoea vibaya. Tulio na miaka ishirini na kitu tumekulia kwenye shule zilizotufundisha kuandika insha kuhusu fundi, si kushika spana. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985 ulikuja na masomo ya mikono, kama useremala na sayansi kimu. Kufikia tulipofika sisi, mengi yalikuwa yamepunguzwa au kuondolewa. Mimi sikugusa bisibisi shuleni hata siku moja. Ndiyo maana video ya dakika tisa inatudanganya. Inatuonyesha mikono ya mtu anayejua, tunadhani tumejua. Haituonyeshi ukuta wetu wenye nyaya mbili.

Kwa hivyo jifunze. Anza na vitu ambavyo ukikosea utalowa tu. Ukimwita fundi, usikae kwa simu, simama kando yake, mshikie tochi, muulize kwa nini. Mimi nimejifunza mengi hivyo kuliko kwenye video. Na kuna siku utafika mahali ujuzi wako umeisha. Hapo kulipa Sh1,500 si kushindwa. Mimi ningelipa mara kumi ya hizo kuirudisha ile asubuhi ya Agosti.

Leo ukifika kwako, kabla hujavua viatu, fanya kitu kimoja. Tafuta valvu ya maji yako. Kisha mwombe jirani asimame kwenye korido ashushe swichi moja moja mpaka yako izime. Ukiipata, andika namba ya nyumba yako hapo kwa kalamu ya wino mzito, na uandike za majirani pia. Kisha mwonyeshe kila mtu unayeishi naye, hata mgeni wa wiki mbili.

Na kama boksi limefungwa kwa kufuli na ufunguo uko kwa keateka, mpigie leo leo. Bomba linaweza kungoja kesho.